Ezekiel Ndeti Kimeu, Mkalimani Aliyekataa Kupunguza Neno

Mchungaji, wazee, ndugu na majirani wa Ekalakala, mimi ni Mbinya, kifungua mimba wa Mzee Ndeti. Nimepewa dakika kumi za kusoma maisha ya Baba na nitazidisha. Kamati ya mazishi iliniomba niandike kwamba alistaafu mwaka wa 1993, halafu niendelee na habari za wajukuu. Nimekataa. Baba hakustaafu. Alifukuzwa kazi, akafungwa, na jina lake likachafuliwa na barua moja ambayo nitaieleza nikiifikia. Wakili Gatimu, ambaye yuko hapa nasi, amenishauri nisitaje jina la hakimu wala la mahakama, kwa sababu wasifu huu umechapishwa na unaweza kusomwa na mtu yeyote. Majina hayo nimeyaacha. Mengine yote yamo.

Marehemu Ezekiel Ndeti Kimeu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1938 hapa Ekalakala, mtoto wa nne wa marehemu Kimeu Nthenge na marehemu Nzisa. Huo ndio mwaka ambao serikali ya mkoloni ilichukua ng'ombe wa Wakamba, na watu wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kuwadai. Susu Nzisa, nyanya yetu, alienda nao akiwa mjamzito, na mpaka uzee wake alikuwa akisema Ndeti alianza kubishana na wakubwa kabla hajazaliwa. Tulikuwa tunacheka sana akisema hivyo.

Alianza shule mwaka wa 1947 katika shule ya misheni, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1956. Huko misheni ndiko alikojifunza kazi yake, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Mhubiri wa pale alikuwa Mzungu aliyehubiri kwa Kiingereza, na mzee mmoja wa kanisa alitafsiri kwa Kikamba. Jumapili moja ya mwaka wa 1955 mzee huyo aliugua, wakamsimamisha Ndeti, kijana wa miaka kumi na sita. Siku hiyo mhubiri alikuwa na hasira, akasema watu wa hapa ni wavivu na wanamwibia Mungu sadaka. Yule mzee angetafsiri, kama alivyozoea, kwamba mhubiri anawasalimu na anawaombea mvua. Ndeti alilisema neno kama lilivyotoka. Nusu ya kanisa ilisimama ikaenda zake, na jioni babu akamchapa kwa kuaibisha boma. Lakini Jumapili iliyofuata mhubiri alisimama mbele ya watu akaomba msamaha, akasema miaka yote ile hakuwa akijua watu wanasikia nini. Nawaomba mlishike hilo: mtu mkubwa aliomba msamaha hadharani, na mbingu hazikuanguka.

Mwaka wa 1962 alimwoa mama yetu, Kavutha. Siku ya kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kuthibitisha uchumba, kwa kina Mama, msemaji wa upande wa Baba alijigamba kwamba kijana huyu ana mbuzi thelathini zizini. Baba, ambaye desturi ilimtaka anyamaze kimya kama maji mtungini, alikohoa akasema ni watano, na mmoja ni mgonjwa. Wazee waliinamisha vichwa kwa aibu. Babu mzaa mama ndiye aliyeokoa siku, akasema, "Huyu ataniletea shida, lakini hatanidanganya." Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na miwili.

Aliajiriwa mahakamani tarehe 2 Machi 1964 kama karani na mkalimani, akafanya kazi katika vituo vinne vya Ukambani kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa na namna yake. Kabla kesi haijaanza alimwendea mshtakiwa au shahidi na kumwuliza ametoka upande gani, kwa sababu Kikamba cha Mwingi si kile cha Kilungu, na mtu anaweza kufungwa kwa neno ambalo kwao lina maana nyingine. Alikuwa na daftari la mazoezi ambamo aliandika kila kilichosomwa, haraka, kwa alama alizozibuni mwenyewe. Mahakimu wengine walimchukia kwa sababu alichelewesha mambo. Wengine, na walikuwepo waadilifu, walikataa kuanza kesi kabla Ndeti hajafika. Yeye alijiita mdomo wa kuazimwa. Alisema, "Siongezi, sipunguzi. Kama maneno ni mabaya, mwenyewe ayaone." Hata nyumbani, mimi na ndugu yangu Jeff tukigombana, kila mmoja alilazimika kurudia alichosema mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba ni hivyo hasa. Magomvi mengi yalikufa kwa uchovu.

Sasa nafika Alhamisi tarehe 10 Juni 1993. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu.

Siku hiyo ilisomwa hukumu ya kesi ya shamba la Mama Kamanthe, mjane wa Yatta. Ni huyu hapa, amekaa mstari wa tatu nyuma ya kina mama wa kanisa. Ekari kumi na nne alizoachiwa na mume wake zilikuwa zimedaiwa na tajiri mmoja wa mjini, na kesi ilikuwa imeburutwa kwa miaka sita. Hakimu alisoma hukumu kwa Kiingereza kwa dakika arobaini, kutoka kwenye karatasi alizoandika kwa mkono. Kamanthe alikuwa amesimama, hajui kama anasomewa uhai au kifo. Hakimu alipomaliza, alifunga faili akamwambia Baba, "Mwambie ameshindwa. Ahame kwa siku thelathini."

Baba akasema, "Mheshimiwa, umesoma dakika arobaini. Nikimwambia maneno hayo machache, hizo zingine zote nimemnyima."

Hakimu akamwambia afanye kazi yake. Baba akaifanya. Alifungua daftari, akamgeukia Kamanthe, akaanza kumtafsiria hukumu tangu mstari wa kwanza, polepole, kwa Kikamba cha Yatta. Hakimu alimwambia aache, yeye akaendelea. Akafika mahali ambapo hukumu ilisema kwamba mahakama imemwamini shahidi Mulei, shemeji wa Kamanthe, aliyefika kizimbani mwaka wa 1991 na kueleza waziwazi jinsi shamba lilivyouzwa.

Mulei alizikwa mwaka wa 1989. Watu wa Yatta waliojaa kwenye benchi siku hiyo ndio waliomchimbia kaburi. Waliposikia kwa Kikamba kwamba Mulei alifufuka, akavaa koti, akapanda gari akaja kutoa ushahidi, mahakama ilivurugika. Wengine walicheka, wengine walilia, na mzee mmoja akauliza kwa sauti kama Mulei aliombwa kitambulisho. Hakimu alikimbilia chumbani mwake. Askari walimkamata Baba pale pale kwa kosa la kuidharau mahakama, wakalichukua daftari lake kuwa kielelezo. Jioni walimwachilia mwenyewe kwa dhamana. Daftari halijarudi mpaka leo.

Jumamosi watu walimfuata sokoni, hapa hapa Ekalakala, kumwuliza hukumu iliishia wapi, kwa sababu ilikatizwa. Alipanda juu ya benchi la fundi viatu akawatafsiria yote kwa kichwa, mpaka mwisho. Kisha akaongeza sentensi moja yake mwenyewe, ya kwanza katika miaka ishirini na tisa. Alisema, "Hayo niliyomaliza ni ya hakimu. Langu ni hili: korti ambayo inasikiza wafu na inanyamazisha wenye wako hai, hiyo sijui ni ya nani." Wapo hapa leo waliokuwepo siku ile, na wapo pia waliokwenda kusema aliyoyasema. Nyinyi mnajijua. Mmekula chakula cha matanga na hatujawafukuza.

Kesi yake ilisikilizwa tarehe 24 Juni. Aliyeudhika alikuwa hakimu, shahidi aliyeona alikuwa hakimu, na aliyehukumu alikuwa hakimu huyo huyo, kiti kimoja na kalamu moja. Baba aliomba asomewe mashtaka kwa Kikamba, kama sheria inavyomruhusu kila mtu. Akaletwa mkalimani mgeni. Hakimu alisoma ukurasa mzima, na mkalimani akamwambia Baba, "Mzee, unaulizwa kama umekosa." Baba akamjibu kwa upole kwamba amesema zaidi ya hayo. Hilo nalo likaandikwa kuwa ni dharau. Alifungwa miezi sita, na akaambiwa atatoka mapema akiomba msamaha kwa maandishi na kukiri kwamba kosa lilikuwa la tafsiri yake.

Wakati huo huo hukumu ikapigwa chapa. Kamanthe alipopewa nakala yake, jina la Mulei halikuwemo. Karatasi za mkono hazikuonekana tena masjala. Kwa hiyo duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeisikia hukumu ile kwa Kiingereza na kuieleza kama ilivyokuwa, naye alikuwa gerezani, ana kisukari, na ana kidonda mguuni. Mniwie radhi nikisema kwa ukali. Nimelisema hili kwa utulivu kwa miaka kumi, chumbani, peke yangu, na utulivu haukunisaidia.

Nilimtembelea tarehe 5 Agosti. Kidonda kilikuwa kinanuka. Nilimsihi aandike huo msamaha atoke, nikamwambia maneno ni maneno tu. Akasema, "Mbinya, nikisema niliongezea, huyo mama hana shamba." Nikamwambia asipotoka hatuna baba. Akasema hayo mawili hayalingani, kwa sababu baba ni wetu na shamba si letu.

Sasa nimeifikia barua. Nilirudi Athi River, nilikokuwa nikifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya kiwanda kimoja, na saa ya chakula cha mchana niliiandika mimi, kwa Kiingereza kizuri. Ilisema: "Mimi, Ezekiel Ndeti Kimeu, nakiri kwamba nilitafsiri vibaya hukumu ya mheshimiwa. Jina la Mulei halikusomwa. Niliongezea maneno yangu mwenyewe. Naomba msamaha kwa unyenyekevu." Nikatia sahihi yake. Naijua tangu darasa la sita, nilipokuwa nikijitilia sahihi kwenye ripoti za shule. Wakili Gatimu, aliyekuwa akimtetea Baba, nilimwambia Baba ndiye aliyeitia, naye akaipeleka mahakamani kwa nia njema. Alijua ukweli baada ya Baba kufariki, na ameniambia kughushi ni kosa la jinai. Asante, Wakili. Nimesikia.

Baba alitoka tarehe 10 Agosti 1993, baada ya siku arobaini na saba. Tulimdanganya kwamba ameachiliwa kwa sababu ya ugonjwa. Alikuwa amefutwa kazi, lakini alitembea sokoni kichwa juu, akisema hajaomba msamaha. Waliokuwa wakifanya kazi mahakamani walimcheka kisogo, maana barua walikuwa wameiona. Sisi tuliokula naye sahani moja tulinyamaza.

Rufaa ya Kamanthe ilisikilizwa mwaka wa 1995. Baba alienda mwenyewe kwa mkongojo, akaketi nyuma, akingoja kuitwa aseme alichosikia. Hakuitwa. Wakili wa yule tajiri alisimama akasema hakuna haja, mkalimani mwenyewe alishakiri, na akasoma barua yangu. Kamanthe alitafsiriwa maneno hayo. Aligeuka akamtazama Baba. Baba angesimama wakati ule akasema, "Hiyo si barua yangu, ni ya mtoto wangu," shamba lingekuwa na tumaini, na mimi ningeingia jela nikiwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Mtu ambaye hakuwahi kumpunguzia mtu neno, mbele ya Mzungu, mbele ya wakwe, mbele ya hakimu, aliketi pale akalimeza. Rufaa ikatupwa. Kamanthe aliondolewa shambani mwaka uliofuata, siku ya soko, vyombo vyake vikawekwa barabarani. Tangu siku hiyo, akimwona Baba anavuka upande wa pili. Nilifikiri ni hasira ya kushindwa kesi. Sikujua barua ilisomwa kwa sauti mpaka Wakili aliponieleza majuzi, kwa sababu Baba alirudi nyumbani akala muthokoi yake, akamchukua mtoto wangu akambembeleza, na hakusema kitu.

Ugonjwa ulimla polepole. Mguu ule wenye kidonda ulikatwa mwaka wa 1999. Mwaka jana, wakubwa wa mahakama walipotajwa magazetini kwa rushwa na wengine wakaondoka, aliniomba nimsomee majina yote, mstari kwa mstari. La hakimu yule halikuwemo. Alikuwa ameshastaafu kwa heshima, na sherehe akafanyiwa. Baba alisema, "Sawa," akageukia ukutani. Mwezi Januari figo zilianza kushindwa, tukamlaza hospitalini Machakos.

Tarehe 31 Januari nilikuwa naye peke yangu, mchana, nikimpa uji. Akasema, "Ile barua yangu. Nisomee kwa Kikamba."

Nilimwuliza ni barua gani, kama mjinga. Nikaweka kikombe chini nikaanza kumtafsiria kutoka kichwani, maneno yangu mwenyewe ya miaka kumi iliyopita, kwa lugha ya mama yangu. Kwa Kiingereza yalikuwa yamepita kooni kirahisi. Kwa Kikamba yalinikwama. Nikasema nakiri nilikosea, nikasema jina halikusomwa, kisha nikasema naomba msamaha.

Baba akasema, "Umeruka mstari."

Alikuwa anaijua yote kwa moyo. Nikarudi nyuma nikasema ule mstari: niliongezea maneno yangu mwenyewe. Akafumba macho. Akasema, "Sasa umejua mahali inauma. Mimi kwa hiyo siku nilikuchagua wewe, na nikakosea huyo mama. Siku ya kunizika, msomee. Usiruke."

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Februari 2004, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na mitano.

Jeff aliniuliza juzi, tukipanga viti, "Sasa ukifungwa na Baba ashakufa, itasaidia nani?" Ni swali la haki. Namjibu hapa. Mama Kamanthe nilimwendea Matuu Jumatano, kwenye chumba cha kupanga anakoishi na binti yake, nikamwomba aje leo bila kumwambia kwa nini. Aliniuliza tu kama marehemu aliacha neno. Nikasema aliacha.

Mwaitu Kamanthe, mama yetu, neno lenyewe ni hili. Jina la Mulei lilisomwa. Baba alilisikia, akalitafsiri sawasawa, na hakuongezea chochote. Barua ile haikuwa yake hata nukta moja. Aliyekunyang'anya shamba ni tajiri, aliyempa kalamu ni hakimu, na aliyewashikia taa ni mimi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni mwa masjala na kitambulisho changu na nakala ya wasifu huu, na nitakula kiapo kwamba niliighushi. Wakili amesema huenda kesi isifunguliwe tena. Huenda wakaanza na kunishtaki mimi. Wakinisomea mashtaka kwa Kiingereza nitaomba Kikamba, na nitaomba kitafsiriwe chote.

Kama yuko mtu hapa aliyetumwa kusikiliza, karatasi ziko kwa Jeff. Achukue mbili.

Marehemu amemwacha mjane wake Kavutha; watoto wake Mbinya, Mueni, Nzilani na Jeff; wakwe watatu; wajukuu tisa; na dada yake mmoja. Amemwacha pia mama mmoja wa Yatta; Baba alikufa akiwa hajamwomba radhi mama huyo, kwa sababu alikuwa ananificha mimi. Radhi hiyo naiomba mimi kwa niaba yake. Ya kwangu nitakuja kuiomba peke yangu, nikiwa nimetoka huko ninakokwenda.

Mungu akulaze pema, Baba. Sijaruka mstari.